Vila tumeshakodi Barbados: siku 9 tuzitumie vipi?

Swali: "Assalaam alaikum. Sisi ni watu wa Mombasa tunaoishi Toronto. Mwisho wa Januari tumekodi vila karibu na Holetown, Barbados, kwa siku 9. Ina bwawa la kuogelea na mpishi. Tutakuwa wanane: mimi na mume wangu, watoto watatu wa miaka 14, 9 na 5, shemeji yangu na mkewe, na mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, wa miaka 70, atakayetokea Mombasa. Mavyaa haogelei na goti linamsumbua. Picha ninazoziona mtandaoni ni za vilabu na mashua za fahari tu, na pesa zetu nyingi zimeshakwenda kwenye nyumba. Tufanye nini ili kila mmoja afaidi? Na je, tubebe chakula?"

Jibu:

Wa alaikum salaam, dada yangu. Kwanza mfikishie mavyaa wako shikamoo yangu, maana jibu langu linaanzia kwake.

Mimi mzaliwa wa Malindi. Kazi ya kuhudumia wageni niliianza hukohuko, jikoni, na sasa nasimamia vila za kukodi upande huu wa magharibi wa Barbados, parokia ya Saint James, ambako ndiko mnakuja. Familia ninazozipokea hukosea kwa njia mbili. Wengine, kwa kuwa nyumba imewagharimu, hujifungia ndani ya geti kutwa kando ya bwawa, na ikifika siku ya nne wameanza kununiana. Wengine hununua safari ya kila siku, asubuhi basi, jioni mashua, na chakula alichopika mpishi kinalala. Vila inakupa vitu viwili ambavyo hoteli haikupi: jiko na baraza. Ukivijenga siku zako juu ya hivyo viwili, mavyaa wako hatakuwa mzigo wa kubebwa huku na kule. Yeye ndiye atakayefaidi kuliko nyote.

Kabla sijafika huko, mwulizeni wakala mambo matatu leo hii, kabla ya kulipa salio. La kwanza, nyumba iko upande gani wa barabara? Barabara kuu ya pwani hii inapita karibu sana na bahari, na nyumba nyingi zinazotangazwa kuwa "hatua chache kutoka ufuoni" ziko ng'ambo ya pili, upande wa nchi kavu. Niliwahi kupokea wageni walioahidiwa bahari mlangoni, kumbe kila siku walilazimika kuvuka magari yaendayo kasi, mahali pasipo na njia ya waendao kwa miguu, mtoto wameshika mkono huku na kiti mkono mwingine. Si hatari isiyokwepeka, lakini ni vizuri mjue mapema. La pili, kuna chumba cha kulala na choo chini, bila ngazi? Hicho ni cha mavyaa, hata kama chumba cha juu ndicho chenye mandhari. La tatu, bwawa lina uzio? Mengi hayana. Kwa mtoto wa miaka 5, ombeni uzio wa muda ufungwe kabla hamjafika. Wenye nyumba wengi hukubali wakiambiwa mapema. Na hata ukifungwa, pangeni zamu: kila saa awepo mtu mzima mmoja anayeitwa kwa jina kuwa ndiye mwangalizi. Watu wazima watano wakiwa kando ya maji, kila mmoja hudhani mwenzake anamwangalia mtoto.

Sasa asubuhi. Wengi huipoteza kwa kulala, na huku ndiyo saa bora kuliko zote. Upepo wa hapa unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, na Januari unatokea zaidi kaskazini-mashariki, kama kaskazi yetu. Holetown iko magharibi, kwa hiyo kisiwa chenyewe kinaukinga upepo, na saa 12 asubuhi bahari imelala kama maji ya beseni. Mchanga bado baridi. Watu wa hapa wenyewe, hasa wazee, hushuka muda huo kuoga; utawaona wamesimama maji ya kifua wakizungumza, kofia kichwani, bila haraka. Mavyaa haogelei, lakini kusimama katika maji ya kiunoni, tulivu na ya uvuguvugu, akiwa amemshika mwanawe mkono, kutamfaa goti lake. Bahari ndiyo inayombeba. Mleteni na nguo zake za heshima za kuogea. Hakuna atakayemtazama mara mbili.

Fukwe zote za Barbados ni za umma. Hakuna vila wala hoteli inayomiliki mchanga, na kati ya majumba makubwa kuna vichochoro vya kupitia mpaka majini. Msione haya kukaa mbele ya hoteli ya matajiri. Mkikaa, angalieni mti mmoja. Unaitwa manchineel; una majani ya kung'aa na matunda ya kijani mfano wa tufaha dogo, na mashina yake mengi yamepigwa rangi nyekundu kuwa onyo. Tunda lake ni sumu, utomvu wake unachoma ngozi, na hata maji ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye majani yake yanaweza kutoa malengelenge. Mtoto wa miaka 5 anayeokota kila kitu aonyeshwe mti huo siku ya kwanza. Kivuli kizuri ni cha mivinje, na hiyo mnaijua tangu nyumbani.

Asubuhi moja, ya Jumatano hivi, amkeni mapema zaidi mwende Pebbles Beach, kwenye ghuba ya Carlisle nje kidogo ya Bridgetown. Kwa saa hizo ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Farasi wa mashindano wa uwanja wa Garrison Savannah huletwa kuogeshwa baharini jua linapochomoza. Wekeni kiti cha mavyaa mchangani na mnyamaze. Mtunza farasi anaingia mbele, kamba mkononi. Farasi anasita maji yakimfika magotini, anapiga kwato moja, halafu anaingia mpaka shingo tu ndiyo inabaki juu, na unasikia pumzi yake ikitoka puani kwa kishindo. Akitoka anajitikisa, na matone yanaruka yakimetameta. Kiingilio hakuna. Nimewapeleka pale wageni waliolipia mashua ya siku nzima, na walipokuwa wakiaga walichokitaja ni wale farasi.

Watoto wawili wakubwa wakitaka kuona kasa, ghuba hiyohiyo ya Carlisle inatosha. Kuna mabaki ya meli zilizozama karibu na ufuo, mojawapo ni tagi (meli ndogo ya kuvuta meli kubwa) la Kifaransa liitwalo Berwyn, lililozamishwa mwaka 1919, na samaki wamelifanya nyumba yao. Miwani ya majini na mrija wa kupumulia vyatosha, pamoja na jaketi la kuokolea hata kwa anayejua kuogelea. Kasa na ng'amba wote wanapatikana maji haya. Msiwaguse wala kuwalisha, hata mwenye mashua akiwarushia samaki ili waje karibu. Kasa aliyezoea kulishwa huacha majani yake, akaja kung'ata vidole vya waogeleaji. Kwa mavyaa na mdogo, ulizeni mashua yenye sakafu ya kioo. Zinaondokea pwani hii ya magharibi, na mtu anaona chini bila kulowa. Zile katamarani kubwa zenye muziki na pombe mziache. Mkitaka matanga kweli, changeni mkodi mashua ndogo kwa saa chache, watu wenu wenyewe, na mwambieni nahodha tangu mwanzo kwamba hamhitaji vinywaji.

Nije jikoni sasa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo siku zenu 9 zitakapopendeza au kuharibika.

Mpishi wa vila si mtumishi wa hoteli. Mara nyingi ni mama mtu mzima wa hapahapa, amepika nyumba hiyo kwa miaka, na jirani zake wote wanamjua. Siku ya kwanza kaeni naye mezani, wewe na mavyaa, mpange chakula cha siku tatu tatu. Ulizeni saa zake za kazi na siku yake ya mapumziko. Kwa kawaida mnatoa pesa za sokoni ninyi, ananunua, anarudisha risiti. Jambo hilo liwe wazi tangu mwanzo ili pasiwe na dhana mbaya. Mwambieni wazi pia juu ya halali: hakuna nguruwe ndani ya nyumba, hakuna ramu kwenye keki wala kwenye mchuzi. Hili la ramu lisemeni kwa kutaja jina, kwa sababu huku ramu huingia kwenye keki kama iliki inavyoingia kwenye mahamri, na hataona kama ni pombe usipomweleza. Wapishi ninaofanya nao kazi hulipokea vizuri. Waislamu si wageni Barbados. Ipo jumuiya ya zamani yenye asili ya Gujarat, India, na ina misikiti Bridgetown. Nyama ya halali inapatikana kupitia kwao. Lakini kwa samaki wa hapa, nyama mtaisahau.

Januari ni msimu wa samaki wa taifa hili, yule panzi wa baharini mwenye mapezi kama mabawa. Wapeni watoto sarafu ya dola moja ya Barbados: ina pembe saba, na panzi huyo yumo. Umbo lake ni kama la dagaa mkubwa na miiba yake ni mingi. Ndiyo maana soko la Oistins lina akina mama ambao kazi yao ni kumtoa miiba tu. Kisu kinapita mara moja upande huu, mara moja upande ule, uti wa mgongo unatoka mzima, na samaki anabaki kama kitambaa. Nimejaribu mara nyingi na mikono yangu ni ya mpishi, bado siwafikii hata nusu. Panzi huyo hukamuliwa ndimu, akapakwa kijani kilichosagwa cha vitunguu vya majani, kitunguu saumu, majani ya taimu na pilipili kali ya mbuzi, halafu akakunjwa kama jamvi na kupikwa polepole kwenye mchuzi wa nyanya na siagi.

Kitanda cha mchuzi huo huitwa kuu-kuu, nao wanaandika cou-cou. Mwambie mavyaa asimame karibu na jiko siku inapopikwa. Bamia hukatwa vipande, zikachemshwa, na yale maji yake ya utelezi hayamwagwi, yanawekwa kando. Unga wa mahindi hulowekwa kwanza kwenye maji baridi ili usifanye madonge. Kisha sufuria motoni, unga ndani, na maji ya bamia yanaingia kidogo kidogo huku mpishi akisonga kwa mwiko wa bapa uliochongwa kwa kazi hiyo tu. Husonga mpaka donge linajivuta kutoka ukutani mwa sufuria na mwiko unasimama wenyewe. Linageuzwa kwenye bakuli lililopakwa siagi, linafinyangwa, linabonyezwa katikati kwa kijiko, na mchuzi unamwagwa hapo kwenye shimo.

Mara ya kwanza kuliona jambo hili nilisimama mlangoni na machozi yakanijia. Huu ni ugali na bamia. Waliouleta ujuzi huu walikamatwa Afrika Magharibi wakavushwa bahari kwa minyororo, wakapewa mahindi ya bei rahisi ili wafanye kazi ya miwa, na mikono yao ikakumbuka. Kwa desturi ya zamani cou-cou na panzi ni chakula cha Ijumaa. Mkiweza, siku mojawapo mavyaa apike ugali wake na samaki wa kupaka wa nazi, mpishi apike cou-cou, na mle meza moja. Nimeliona likifanyika mara mbili. Hawakuwa na lugha ya kutosha baina yao, lakini saa nzima hawakunyamaza.

Vingine mtakavyovitambua bila kuonyeshwa: shelisheli, ambalo huchomwa zima kwenye makaa mpaka ganda linakuwa jeusi, likapasuliwa na kutiwa siagi. Asili yake ni visiwa vya Pasifiki; nahodha Bligh alileta miche Saint Vincent na Jamaika mwaka 1793, nia ikiwa kupata chakula rahisi cha watumwa, na mti ukasambaa visiwa vyote. Madafu huuzwa barabarani, yanapasuliwa kwa panga mbele yako. Embe kizungu, stafeli, mapera, ukwaju uliofinyangwa kwa sukari kuwa vidonge vya watoto, vyote vipo. Badala ya vile vinywaji vya kukaribishia wageni vyenye ramu, ombeni sharubati ya rozela, ambayo huku huiita sorrel na huinywa sana majira ya Krismasi, au mauby, kinywaji chungu-tamu cha magome ya mti. Watoto wataikunjia uso mauby. Mavyaa nadhani ataipenda.

Neno moja la tahadhari ili mtu asisusie chakula: kwenye orodha za vyakula mtakuta "dolphin". Si pomboo. Ni faulusi, samaki mnayemjua, na wa hapa ni mtamu sana akichomwa.

Sokoni nendeni Jumamosi asubuhi, Cheapside, Bridgetown, pamoja na mpishi akikubali. Supamaketi za Holetown ni ghali, kwa kuwa bidhaa nyingi huagizwa kutoka nje na wanunuzi wengi ni wageni. Dola mbili za Barbados ni dola moja ya Marekani, kiwango hakijabadilika tangu 1975, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Ila kabla ya kulipa ulizeni bei ni ya dola ipi. Na mkiingia dukani, au ndani ya basi, salamu kwanza. Watu wa Barbados, wenyewe hujiita Bajan, wanachukia mtu anayeanza na shida yake bila kusema "good morning". Kwa hilo ninyi watu wa pwani hamna la kufundishwa.

Matembezi marefu nawashauri matatu tu kwa siku zote 9.

La kwanza ni upande wa mashariki. Kisiwa kina kilomita 34 kwa 23, hakuna palipo mbali. Pandeni kupitia mashamba ya miwa mpaka Saint Nicholas Abbey, jumba la shamba la miwa la karne ya 17 ambalo halijawahi kuwa abasia (makao ya watawa) licha ya jina lake. Hapo kuna treni ndogo ya mvuke inayopita shambani mpaka kilima cha Cherry Tree. Goti la mavyaa litapumzika, mdogo atafurahi, na kutoka juu mtaona bahari ya Atlantiki yote. Teremkeni mpaka Bathsheba. Huko ni dunia nyingine: mawe makubwa yaliyoliwa chini na mawimbi mpaka yamekuwa kama uyoga, povu, na upepo wa kukusukuma. Msiogelee Bathsheba, hata mume wako akiwa mwogeleaji hodari. Mkondo ni mkali. Maji yakitoka kuna vidimbwi kati ya miamba, watoto wakae humo mkiwa kando yao. Bebeni chakula cha mpishi, mle mkitazama vijana wakiteleza juu ya mawimbi.

La pili ni Ijumaa ya Bridgetown. Wanaume waswali Ijumaa mjini, nanyi wengine muwangojee kwenye bustani ya Queen's Park, chini ya mbuyu. Ndiyo, mbuyu, mkubwa wa kuzungukwa na kundi la watu walioshikana mikono. Mwambieni mtoto wa miaka 14 autazame, kisha mwende naye mpaka kwenye sanamu ya Ukombozi iliyosimamishwa mwaka 1985: mtu amenyanyua mikono, minyororo imekatika. Watu humwita Bussa, aliyeongoza uasi wa watumwa wa 1816. Upande wa kusini, huko Newton, kuna makaburi ya watumwa wapatao 570 wa shamba moja. Mara ya mwisho nilipofika, juu palikuwa nyasi tu na upepo. Mtoto aliyekulia Toronto anastahili kupaona. Barbados ilikuwa koloni la Uingereza tangu 1627, ikapata uhuru 1966, na tarehe 30 Novemba 2021 ikawa jamhuri. Haya hayaharibu likizo. Fukwe na majumba mtakayofurahia yalijengwa juu ya historia hiyo, na watu wanaowahudumia ni wajukuu zake.

Jioni hiyohiyo teremkeni Oistins, soko la samaki, ambalo Ijumaa usiku hugeuka uwanja wa kula. Fikeni saa 12 magharibi, kabla ya msongamano. Nguru, jodari, faulusi, changanya na makaroni ya kuoka. Mkiagiza, ulizeni kama kuna bia au ramu kwenye viungo; watawajibu bila kuudhika. Muziki ukipanda, yapata saa 3 usiku, mavyaa na watoto warudi, shemeji na mkewe wakipenda wabaki. Pembeni mtawaona wazee wakicheza dhumna, wanavibamiza vipande mezani kama maskani ya kwetu.

La tatu liwe Harrison's Cave, pango la mawe ya chokaa ambamo mnapita mmekaa kwenye treni ya umeme. Ni zuri kwa siku ya mvua, na pango hilo ndilo litakalowaeleza watoto kwa nini maji ya bomba ya Barbados yananyweka: mvua huchujwa na mwamba wa matumbawe.

Siku zilizobaki ziacheni. Naona ugumu wako kukubali hilo baada ya kulipa nyumba yote ile, lakini ziacheni. Watoto wanunulieni mpira wa tenisi na gongo. Krikiti ya ufuoni haina mwaliko, mtu anasogea tu na kupewa nafasi ya kudaka. Ulizeni pia kuhusu tenisi ya barabarani, mchezo uliozaliwa hapahapa: wavu ni ubao uliosimamishwa chini, gongo ni la mbao, uwanja ni lami. Siku moja watoto wakubwa wapande na baba yao ZR, ile gari nyeupe yenye mstari wa rangi ya damu ya mzee. Ni matatu kabisa, kwa muziki, kwa kujazana, na kwa dereva anayekumbuka kila abiria anashukia wapi. Vituo vimeandikwa "To City" na "Out of City", hakuna kupotea. Mkikodi gari, mnaendesha kushoto kama Kenya. Kampuni itawapa kibali cha muda, na namba ya gari itaanza na H, nao wenyeji wakiiona huwavumilia.

Na jioni kaeni barazani. Sisi tumekulia pwani ambayo jua hutoka baharini. Hapa litazama baharini, mbele yenu, yapata saa 12, na giza litaingia haraka kama nyumbani. Kisha wataanza vyura wadogo, wasiozidi kidole gumba, wanaopiga mluzi usiku kucha; usiku wa kwanza mdogo atauliza ni ndege gani. Alfajiri nyani wa kijani, jamii ya tumbili wetu, walioletwa na meli kutoka Senegal na Gambia karne ya 17, watapita bustanini. Fungeni dirisha la jiko, ndizi zisiachwe mezani.

Upande wa safari yenyewe, nina wasiwasi na mavyaa kuliko ninyi. Kutoka Toronto ndege ya moja kwa moja ni kama saa tano. Yeye akipitia Marekani atahitaji viza ya Marekani hata kama habadilishi uwanja, na akipitia Uingereza aulizie viza ya kupita kabla ya kukata tikiti. Njia rahisi ni aje Toronto kwanza, kama ana viza ya Kanada, apumzike wiki moja, msafiri pamoja. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkobani, kwa kuwa Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo. Soketi za umeme ni za aina ya Marekani, hivyo chaja yake ya Mombasa haitaingia. Mnunulieni adapta huko Toronto. Na katika nguo za watoto ondoeni zote zenye madoadoa ya kijeshi. Sheria ya Barbados inakataza raia kuzivaa, hata mtoto, na zinaweza kuchukuliwa uwanja wa ndege.

Chakula msibebe. Mchele, unga wa mahindi, nazi, tui, dengu, vyote vipo. Mtakachokosa ni harufu ya nyumbani, kwa hiyo chukueni bizari ya pilau, iliki na mdalasini, vikavu, vikiwa kwenye pakiti za dukani zilizofungwa, na mvitaje kwenye fomu ya forodha. Mavyaa akitaka kubeba mbuzi yake ya kukunia nazi, mwacheni aibebe, iwe kwenye begi la kwenda chini ya ndege kwa sababu ya lile jino. Mpishi wenu atataka kuiona ikifanya kazi.